Mbwa wa kulinda mbuzi: swala zetu zinafaa, na tumlee vipi?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Tunaishi shambani, Pangani. Baada ya kuibiwa mbuzi, mume wangu ameleta mbwa mdogo wa miezi minne. Mama mkwe amekasirika, anasema malaika hawaingii tena kwetu na swala zetu ni bure. Jirani naye anatuambia tumfunge mnyororo mchana kutwa, tumpunje chakula na kumchapa ili awe mkali. Juzi amenilamba kanga. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, binti yangu.

Swala zenu ni sahihi. Katika hadithi ya Abu Hurayra waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema anayefuga mbwa hupungukiwa kirati moja (kipimo cha thawabu) ya amali zake kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Wa kwenu ametajwa waziwazi.

Hata hivyo mkweo hakuzua. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa ni sahihi. Mwanazuoni Khattabi ameifahamu kuwa inamhusu mbwa asiye na ruhusa; Imam Nawawi ameiona ni ya mbwa wote. Basi mtulizeni mzee: mjengeeni mbwa banda karibu na zizi, asiingie ndani. Mbuzi huko ndiko waliko.

Kanga yako ioshe mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kwani katika madhehebu yetu ya Shafii mate yake ni najisi nzito. Akikugusa mkavu nawe mkavu, huna cha kuosha. Chombo chake kiwe chake peke yake. Usiingiwe na wasiwasi wa kuosha uwanja mzima.

Linalonisumbua mimi ni ushauri wa jirani. Kumfunga mnyama na kumnyima chakula ni haramu, awe mbwa au punda. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Tena ametueleza mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake cha ngozi maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumlisha mnyama ni wajibu wa mwenye kumfuga. Mkimleta kuwalinda kisha mkamshindisha njaa, dhambi iko hapo, haiko katika kuwa naye.

Wala ushauri huo haufai kwa ulinzi. Mbwa anayeshinda mnyororoni na kupigwa huwa mwoga na mwenye hasira. Huuma wa kwanza kumkaribia, na mara nyingi huyo ni mtoto wa nyumbani. Wakatazeni watoto kumrushia mawe na kumsumbua anapokula.

Mafunzo yana msingi katika dini. Suratul Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda mnaowafundisha katika yale aliyokufundisheni Mwenyezi Mungu. Mafakihi wetu, yaani wanazuoni wa sheria, wakaweka alama za mbwa aliyefunzwika, miongoni mwake: akitumwa aende, akikatazwa akome, na hilo lijirudie mpaka lijulikane kuwa ni tabia yake. Anzeni hapo hapo. Mpeni jina moja, na neno moja kwa kila amri, watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Mfundisheni kabla ya kula, kwa muda mfupi, na akitii apewe kipande cha dagaa papo hapo. Akicheleweshewa hajui anatuzwa kwa lipi. Akikosea, mkatazeni kwa sauti na muanze upya. Mzoesheni mbuzi angali mdogo, alale karibu nao, na akianza kuwakimbiza akatazwe siku hiyo hiyo.

Chakula: ugali na dagaa au mabaki ya nyama vinafaa, ila msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vikali vikamchoma tumboni. Maji na kivuli visikosekane. Apate dawa ya minyoo, akaguliwe kupe.

Na kwa umri wake, chanjo ya kichaa cha mbwa isingoje. Nendeni kwa daktari wa mifugo wiki hii, kisha irudiwe kila mwaka. Akimuuma mtu, au mbwa mwingine yeyote akiuma, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili za kichaa zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Msisubiri kumtazama mbwa kwanza.

Wallahu aalam.