Jibu: Silksong inanishinda, nakosea wapi?

Sheikh, unauliza kwa nini Hornet, mhusika unayemwongoza kwenye mchezo wa video wa Silksong, anakuangukia kwenye miba kila mara ilhali Hollow Knight ya 2017, mchezo ulioitangulia, uliimaliza. Kule ulikuwa ukipiga chini wima. Huku pigo la mwanzo linakwenda mshazari. Usimrukie adui utosini, kaa nyuma kidogo ndo upige. Mie hapa Mkoani vidole vilikataa wiki nzima! Ukipata nembo ya Wanderer, moja ya zile zinazobadili namna Hornet anavyopiga, pigo linarudi wima.

Kujitibu kunarejesha barakoa tatu (ndo alama za uhai) kwa mara moja, ila kunakula hariri, yaani nguvu ya Hornet, nayo huipati mpaka upige maadui. Shanga zako, ndo pesa ya mchezo, zitungishe dukani mapema: ukifa, zilizotungwa hazidondoki. Umeme ukikatika katikati ya pambano na bosi, yaani adui mkubwa, hilo sina dawa yake.