Pima kwa gramu, siyo kwa kikombe: majibu ya maswali ya sabuni na losheni

Maswali ya safari hii yametoka Mikindani mpaka Nachingwea, na mengi yana ugonjwa mmoja. Mtu ameharibu mafuta kilo tano, ananieleza rangi, harufu, hata mvua iliyonyesha siku ile, lakini uzito wa alichochanganya hajui. "Niliweka vikombe viwili na vijiko vitatu." Kikombe cha nani? Kijiko kilichofurika au kilichosawazishwa? Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu mojamoja haifiki bei ya ndoo moja ya mafuta ya nazi. Kama huna, usinunue malighafi nyingine yoyote kabla yake.

Shikamoo mama. Nimetumia lita moja ya mafuta ya nazi na robo kilo ya kostiki. Sabuni imekauka siku ileile, nikiikata inamomonyoka, na inawasha mikono. Nimeuziwa mafuta feki? (Mikindani)

Marahaba mwanangu. Mafuta hayana kosa, kosa ni kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Lita moja ya mafuta ya nazi haina kilo. Ina gramu 920 hivi, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Gramu moja ya mafuta ya nazi hula gramu 0.183 ya kostiki. Zidisha: mafuta yako yalihitaji gramu 168, na hapo hujabakiza hata tone la mafuta la kulainisha ngozi. Wewe umeweka 250. Zile 82 zilizozidi hazikupata mafuta ya kula, zimebaki ndani ya mche zikisubiri ngozi ya mteja.

Usiiuze na usiitupe. Vaa glavu na miwani, iparuze yote, irudishe jikoni kwa moto mdogo na maji kidogo, ongeza mafuta ya nazi gramu 520, koroga mpaka ishikane iwe kama ugali laini. Iache wiki nne, kisha itumie kufulia tu. Ya kuogea anza upya.

Na ujue kila mafuta yana tumbo lake. Nazi hula gramu 183 kwa kilo, mawese 141, ufuta na alizeti karibu 135. Ndiyo maana aliyejifunza kwa mawese akihamia nazi bila kubadili hesabu anapata sabuni ya mafuta mafuta, na wa nazi akihamia ufuta anachoma watu. Ukishapata hesabu, punguza kostiki asilimia 5 ili mafuta yabaki kidogo. Kwa nazi tupu mimi hupunguza asilimia 20, yaani gramu 146 kwa kilo, kwa kuwa sabuni ya nazi inasafisha mno, inamwacha mtu amepauka.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Kostiki huingia kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, yatakurukia usoni. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa gesi inayoshika moto. Mwaka wangu wa kwanza nilitoboa sufuria la mama yangu hivyo. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Na kostiki iliyoyeyushwa isiwekwe hata dakika moja kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto akiona chupa ya soda anakunywa. Ikitokea, msuuze mdomo, usimtapishe, usimpe ndimu wala siki, mkimbize hospitali ya Ligula kama uko Mtwara au Sokoine kama uko Lindi, au kituo chochote kilicho karibu.

Sabuni yangu inaota unga mweupe juu. Imeharibika? (Ruangwa)

Hapana. Ni kostiki ya juu juu iliyokutana na hewa ikageuka aina ya magadi. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu.

Mteja wa Newala amenirudishia mafuta ya nazi, anasema yameganda kwa hiyo nimechanganya na kitu. (Mtwara mjini)

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24. Newala iko juu mlimani, na kipupwe alfajiri kule siyo cha Shangani, pwani kwenu. Mwambie aweke chupa juani robo saa yatayeyuka. Kinachoharibu mafuta ya nazi ya kupika ni maji yanayobaki ndani. Ukiyaepua tui likiwa bado linatoa mapovu, yatachacha na kunuka ndani ya mwezi. Yaache motoni mpaka yanyamaze kabisa na masimbi, yale makapi ya tui, yawe ya kahawia, halafu chuja kwa kitambaa kikavu kwenye chupa kavu.

Naomba fomula ya losheni nzuri. (wengi, kila wiki)

Nzuri kwa nani? Ngozi ya mtoto, ya mvuvi, ya bibi mwenye miguu iliyopasuka? Una mafuta gani, una kifaa cha kukorogea, unaiuza au ya nyumbani? Swali lisilo na maelezo sitalijibu tena, maana nikiwapa fomula tupu nawapa hasara. Someni jibu linalofuata.

Nimechemsha mafuta ya ufuta na nta ya nyuki, nikamwagia maji ya waridi. Siku ya kwanza ilikuwa losheni nzuri kabisa. Siku ya tatu imekatika, mafuta juu maji chini. (Lindi mjini)

Umesema neno lenyewe: imekatika, kama tui. Kila mwanamke wa mwambao anajua tui likichemka bila kukorogwa linakatika. Mafuta na maji hayapendani, yanahitaji mshenga. Nta ya nyuki peke yake siyo mshenga, inakazia tu. Unachotaka ni ile nta ambayo wauza malighafi wanaiita emulsifaya. Muulize muuzaji ni asilimia ngapi inatumika, na akishindwa kukujibu, nunua kwa mwingine.

Kwa kilo moja ya losheni anza hivi: maji yaliyochemshwa gramu 710, glisarini 40, mafuta ya ufuta 180, emulsifaya 60, kihifadhi (cha kuzuia vijidudu) 10. Maji na glisarini chombo kimoja, mafuta na emulsifaya chombo kingine, vyote vifike nyuzi 70 hadi 75 kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mafuta yanachemka, maji ya vuguvugu, ukimimina nta inaganda kwa ghafla kabla haijafunga ndoa. Mimina, koroga kwa blenda ya mkono dakika mbili tatu, pumzika, koroga tena, endelea na mwiko mpaka ipoe. Ikishuka chini ya nyuzi 40 ndipo kihifadhi na marashi viingie. Maji ya kisima usitumie. Visima vyetu vingi vya mwambao vina maji magumu au ya chumvichumvi, na chumvi inavunja losheni.

Ile iliyokatika usijaribu kuifufua. Ina siku tatu bila kihifadhi.

Mimi nataka losheni ya asili kabisa, isiyo na kemikali. Nimeweka asali, mshubiri na vitamini E badala ya kihifadhi. Inatosha? (Masasi)

Haitoshi, dada, na hili naomba mnisikilize. Vitamini E inazuia mafuta yasichache. Haiui kijidudu hata kimoja. Asali haiharibiki ikiwa asali, kwa sababu haina maji ya kutosha kwa vijidudu kuishi. Ukiitia ndani ya losheni yenye maji asilimia 70 inakuwa chakula chao. Mshubiri uliokamuliwa nyumbani ni utelezi wa mmea wenye maji na sukari. Kwa joto la Masasi ukiuacha mezani, kesho kutwa unanuka.

Ukungu wa kijani ukiuona, shukuru, maana umekuonya. Bakteria huwa hawaonekani. Losheni inabaki nyeupe, inanukia waridi, na mama anampaka mtoto mwenye vipele vilivyochubuka. Nimeona jipu lililotokana na kopo la namna hiyo, lililouzwa kwa jina zuri la asili. Kihifadhi kama fenoksiethanoli kwa kiwango kisichozidi asilimia 1 kinamlinda mteja wako. Humtendei wema kwa kukiondoa.

Kama moyo wako haukitaki, ondoa maji. Tengeneza mafuta ya kupaka: ufuta, nazi, siagi ya shea, nta kidogo. Bila maji hakuna haja ya kihifadhi, mradi kopo liwe kavu na mteja asichovye vidole vyenye maji. Bibi zetu walijua hili. Liwa waliisaga juu ya jiwe kwa marashi ya kutosha siku hiyo tu, wakaipaka ikaisha. Hawakuiweka kwenye kopo miezi sita.

Na wa sabuni za maji mnaotia fomalini "isiharibike": acheni. Ni dawa ya kuhifadhia maiti, imethibitishwa kusababisha saratani, na wewe unayeimimina ndiye unayeivuta ya kwanza.

Sabuni ya maji ilikuwa nyepesi nikaongeza chumvi, ikawa nzito. Nikaongeza tena iwe nzito zaidi, ikawa maji kabisa! (Kilwa Masoko)

Chumvi ina kilele. Mpaka hapo inakazia. Ukikivuka inayeyusha, na kila unachoongeza kinazidi kuharibu. Chukua glasi moja ya sabuni hiyo, ongeza maji na ungerol (ile malighafi ya kutoa povu) kidogo kidogo uone inaporudi kukaza, ndipo ufanye kwenye ndoo. Siku nyingine yeyusha chumvi kwenye maji kwanza, tia kidogo, koroga, subiri povu litulie, pima. Chumvi ghafi ya mashamba ya chumvi ya kwetu ina madini mengine yanayoweza kuichafua sabuni, kwa hiyo tumia ya mezani. Na kama unatumia asidi ya salfoniki, pima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha kama asidi imezidi, kabla ya kufunga chupa. Mikono ya waosha vyombo inababuka kwa sababu ya asidi mliyoshindwa kuizimua.

Kiwandani maganda ya korosho yanatupwa tu, na yana mafuta mengi. Naweza kutengenezea sabuni ya kuondoa madoa? (Tandahimba)

Usithubutu, kaka! Umekulia Tandahimba, umeona mikono ya wanawake wanaobangua. Kwa nini wanajipaka majivu au mafuta kabla ya kazi? Mafuta ya ganda yanababua ngozi mpaka inavuka. Kazi yake ni breki za magari, rangi na kukinga mbao na mchwa. Yanaondoa doa, ndiyo, pamoja na ngozi lilipokaa.

Mafuta ya kiini cha korosho ni kitu kingine kabisa, yanalika na ni mazuri kwa ngozi. Ukipata vipande vilivyovunjika kwa bei nzuri, vikamue. Ila hakikisha hakuna ganda hata kipande.

Mama, nipe kitu cha kuchanganya kwenye losheni ing'arishe haraka. Wateja wanadai. Nimejaribu ndimu, mmoja akatoka mabaka meusi. (Nachingwea)

Sina, na ningekuwa nacho nisingekupa. Mabaka hayo ni ndimu yenyewe: maji yake yakiwa kwenye ngozi halafu jua likapiga, ngozi inaungua na kubaki nyeusi kwa wiki au miezi. Mwambie mteja asikwangue, ajifunike na jua, aende hospitali kama kuna malengelenge.

Kinachong'arisha haraka ni zebaki, haidrokwinoni au dawa za steroidi zinazopaswa kutoka kwa daktari. Zebaki inaharibu figo, na inapita kwa mama hadi kwa mtoto tumboni. Steroidi inakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, kidonda hakifungi, na mgonjwa akifanyiwa upasuaji anayeshona ngozi anahangaika. Vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku Tanzania. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, shirika la viwango, umetoka kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Anayeanza biashara aende kwao na SIDO, shirika la viwanda vidogo, mapema, kabla ya kuchapisha lebo.

Mteja anayedai mkorogo mwache aende. Ukimpa, wewe ndiye utakayemwona sokoni kila siku na uso ule.

Zeri yangu ya midomo inayeyuka kwenye basi. (Nanyamba)

Ongeza nta ya nyuki ifike robo ya uzito wote. Kopo moja liache juani saa sita mchana kabla hujauza.

Mjukuu wangu ana ualbino. Nimesikia mafuta ya nazi yanakinga jua. Nimtengenezee? (kijiji cha jirani na Mchinga)

Hapana, shangazi, nakuomba. Mafuta ya nazi hayazuii jua kwa kiasi cha kumlinda mtoto huyo, na cha kuchanganya nyumbani hakuna anayeweza kupima kinakinga kiasi gani bila maabara. Wanaosema zinki ya unga ukoroge na mafuta nao wanakosea, maana inaganda mabonge na kuacha ngozi wazi katikati. Saratani ya ngozi inawaanza watu hawa wakiwa vijana.

Iko losheni iitwayo Kilisun, inatengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao. Ulizia hospitali ya mkoa, au viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino walio karibu, namna ya kuipata. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na shuleni akae mbali na dirisha lenye jua. Mafuta ya nazi mpake usiku, akishaoga.