Mama anasahau: si lazima iwe uzee

Dada, usikimbilie kusema ni uzee. Umesema mama ana miaka 71, yuko Tukuyu, siku hizi anasahau na kununa bila sababu, na mlo wake ni ndizi, maharage na chai ya rangi tu. Hapo vitamini B12 haipo: inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Tumbo la mzee nalo huinyonya kwa shida, zaidi kama anameza metformin ya kisukari. Upungufu wake huvuruga kumbukumbu na hisia, ila unatibika. Apimwe damu, na tezi ya shingo (thairoidi) iangaliwe, maana nayo ikilegea huweza kuleta usahaulifu. Kwa sasa mpe mayai na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) wa Kyela, usagwe kama meno hayapo. (Na maziwa mgando ameyaachia wapi, Mnyakyusa huyo?)