Bahasha iliyo chini ya vitenge

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Niligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali wakanichoma sindano, wakachukua kinyama cha kupima. Majibu nilipewa kwenye bahasha iliyofungwa nimpelekee daktari, na aliyenipa hakunitazama hata usoni. Wiki ya tatu sasa bahasha iko sandukuni, chini ya vitenge. Nafunga na kuomba. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema nikienda kuifungua nitakuwa nimeukiri ugonjwa. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma, hajui lolote. Niendelee kusimama kwa imani?"

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo aliyekupa bahasha. Mtu wa maabara ana foleni hadi mlangoni, na pengine alikuwa anawaza daladala ya kurudi nyumbani. Uso wake si majibu.

Sasa hilo la imani. Fungua Biblia yako, Wafalme wa Pili sura ya 19. Mfalme Hezekia aliletewa barua ya vitisho kutoka kwa mfalme wa Ashuru, ambaye jeshi lake lilikuwa limeshateka miji ya Yuda. Hakuificha popote. Aliipokea, akaisoma, ndipo akapanda nayo nyumbani kwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Kusoma kwanza! Alipopiga magoti alikuwa anajua anaombea nini. Sura inayofuata Hezekia huyohuyo anaumwa kufa, anaugeukia ukuta na kulia, Mungu anamwongezea miaka 15, na bado nabii Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi imeshatolewa, na dawa inabandikwa. Muulize huyo mama wa maombi kama Isaya naye alipungukiwa imani. Muulize kwa upole lakini, maana nadhani anakupenda.

Wewe kwa sasa unaiombea bahasha. Unaomba isiwe na neno baya ndani, na wino wa mle umeshakauka. Ukiniuliza mimi, nitakwambia huo ni woga uliojifunga kilemba cha imani.

Naujua woga huo. Mwaka fulani nilitokwa na uvimbe shingoni, nikajizungushia mtandio miezi mitano, joto la Dar la Februari, jasho linatiririka hadi kifuani, nikiulizwa nasema nina mafua. Ikaja kuwa tezi, nikapewa vidonge. Sikuhadithii haya ili nikuahidi kwamba na lako litakuwa jepesi. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, ila mwingine ni saratani kweli, na inayowahiwa hutibika vizuri kuliko iliyoachwa ikomae. Kwa hizi wiki tatu usijilaumu, lakini ya nne isikukute hapo ulipo.

Usiifungue peke yako usiku. Maneno ya maabara ni magumu, utayatafuta kwenye simu na hutalala. Mpelekee daktari ikiwa imefungwa hivyohivyo, na maswali yako uyaandike kwenye kikaratasi kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu ukikaa pale mbele ya meza yake yote yatakutoka kichwani: hiki ni nini, kinachofuata ni kipi, gharama ni kiasi gani. Akikuandikia rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, usidhani umehukumiwa kufa. Watu wanakwenda pale, wanatibiwa, wanarudi kulea watoto. Na siku hizi treni ya umeme inakutoa Morogoro hadi Dar chini ya saa mbili.

Baba watoto mwambie, ila siyo kwa simu akiwa na mzigo kwenye kona za Kitonga. Msubiri afike, aoge, ale, watoto walale. Kisha weka bahasha mezani. Wanaume wengi wanaonekana hawawezi kubeba habari kama hizi kwa sababu tu hatujawahi kuwapa wabebe. Kama safari yake ni ndefu, chukua dada yako au rafiki uende naye. Kuomba endelea, tena mwombe mchungaji aombe nawe asubuhi hiyo kabla hujapanda daladala.

Na kwa kuwa sanduku utalifungua, toa na kitenge kimoja, kile unachokitunzia harusi za watu. Kivae siku hiyo. Ukitoka kwa daktari niandikie, hata iwe mistari miwili.