Wadogo zangu mnaoanza kazi na picha za ncha ya kusini

Juzi nimewakuta wawili wenu mkinakili maandishi ya nyuma ya picha ya Hurley, mpiga picha wa msafara wa mgunduzi Shackleton, neno kwa neno, na kuyaingiza kwenye katalogi. Moyo ulinienda mbio. Njia hiyo naijua inakoishia.

1. Bamba la kioo, yaani negativu ya zamani, hushikwa kingoni. Upande wenye dawa ya picha hauguswi, hata kwa glavu.

2. Filamu za nitreti, zile za zamani zinazowaka upesi, zikae peke yake, kwenye ubaridi. Na mtu asitupe kitu kwa sababu kimegandamana. Negativu 22 za kikosi cha Ross Sea, kikosi cha pili cha Shackleton, zilikutwa kwenye kibanda cha mgunduzi Scott pale Cape Evans, Antaktika, zikiwa donge moja, zikabanduliwa moja moja, na mwaka 2013 dunia ikaziona. Anayesema “hizi zimeshakufa” atoke nje kwanza, apunge hewa.

3. Maelezo ya picha yahojiwe. Hapa ndipo nilipoungua.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa maonyesho madogo. Picha kuu ilikuwa ya wale mabaharia wa Shackleton waliokwama ufukweni mwa Kisiwa cha Elephant, wanapunga mikono, mashua iko majini. Nakala niliyopewa ilisema ni siku ya kuokolewa, 30 Agosti 1916. Nikaandika aya nzima ya furaha: miezi minne na nusu ya kula sili na pengwini, na sasa wokovu huu hapa! Niliiona furaha hata mabegani mwao. Siku ya tatu mzee mmoja alisimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, “Na meli iliyowaokoa iko wapi?”

Sikuwa na jibu. Jioni nilishuka stoo, nikafungua sanduku la chini ambalo sikuwahi kulifungua. Nakala nyingine ilikuwemo, na maelezo tofauti. Picha ilipigwa 24 Aprili, siku Shackleton na wenzake watano walipoondoka na mashua ya James Caird kwenda kisiwa cha South Georgia, kama kilomita 1,300, kutafuta msaada. Wale 22 waliobaki walikuwa wanaaga, hawajui kama wataonana tena. Hurley mwenyewe ndiye aliyeirekebisha baadaye ikawa picha ya wokovu. Mimi nikaipigia muhuri. Kwaheri ya watu wale niliigeuza kuwa “karibu”, na watoto wa shule walikuwa wameshaisoma siku tatu nzima. Usiku ule sikulala.

Msimchukie Hurley kwa hilo. Alizama kwenye maji ya barafu ndani ya meli yao, Endurance, iliyopondwa na barafu ili atoe mabamba yake. Kisha yeye na Shackleton waliketi juu ya barafu wakichagua: wakabakiza kama 120, na kama 400 wakayavunja palepale, asije akashawishika kuyarudia. Nampenda mno mtu huyu, na kila picha yake naihakiki mara mbili.

4. Msikate kingo. Mnaniuliza nani alipiga ile picha ya Scott na wenzake kwenye ncha, Januari 1912, maana wote watano wamo. Mtazameni Bowers, ameketi mbele: ana kamba mkononi, anaivuta kufyatua kamera. Filamu ile ilikutwa hemani pamoja na miili, Novemba mwaka huohuo. Sasa mmoja wenu ameipunguza chini ili ienee vizuri kwenye ukurasa, na kamba imekwenda na kipande hicho. Airudishe leo, kabla sijafunga stoo.