Tulilala nyuma ya ghala la makochi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: msafiri mwenye mfuko mwepesi alale wapi, na malazi ya bei nafuu humpa nini, humnyima nini? Jibu langu linatoka kwenye siku mbili tu za Juni mwaka jana, katika mji wa Chartres, Ufaransa, nikiwa na shangazi yangu wa miaka 67 na mabegi mawili.

Tulikwenda Ufaransa harusini. Binamu yetu wa upande wa Ngazija anakaa kitongoji cha Paris, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa imelaza watu kumi na mmoja. Mimi nililala jikoni, miguu chini ya meza. Siku nne kabla ya harusi shangazi akaniita kando. "Mwanangu, nikikaa hapa mpaka Jumapili, kiuno hiki hakitacheza hata wimbo mmoja. Tutafutie mahali tukapumue."

Chartres iko kama kilomita 90 kusini-magharibi mwa Paris, mwendo wa saa moja na ushei kwa treni kutoka stesheni ya Montparnasse. Wageni wengi huenda asubuhi, wakazunguka kanisa kuu, wakala, wakarudi jioni. Na sisi tungefanya vivyo hivyo, maana hoteli za karibu na kanisa zilitaka euro 118 kwa chumba cha watu wawili. Nikapekua simu hadi mwisho kabisa wa orodha: euro 54, nje ya mji, kando ya barabara ya mchepuko. Kwa bei hiyo tuliweza kulala, na tusingelala, Chartres tungeiona nusu.

Basi la mji lilitushusha mbele ya duka la matairi. Hoteli yenyewe ilikuwa nyuma ya ghala la kuuzia makochi: jengo la kijivu la ghorofa mbili, vidirisha vidogo vimejipanga kama vya banda la kuku wa kisasa. Mapokezi palikuwa na kijana mmoja, na huyo huyo ndiye aliyebadilisha mashuka na kujaza mashine ya kahawa. Alitutoza kodi ya kulala, ambayo miji ya Ufaransa humtoza mgeni kwa kila kichwa kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona kwenye simu. Si pesa ya kukukosesha usingizi, ila ujue ipo. Halafu akatuandikia kwa mkono, kwenye kikaratasi cha njano, tarakimu sita za kufungulia mlango wa nje, kwa sababu yeye huondoka saa tatu usiku na baada ya hapo hakuna mtu. Kikaratasi hicho kikumbukeni.

Chumba kilikuwa cha kupishana kwa zamu. Chini kitanda kikubwa, juu yake kimekatiza kitanda chembamba cha kupandia ngazi, hicho changu. Ukiamka kwa pupa unaisalimia dari kwa paji la uso. Bafu ndilo lililotushangaza: sanduku moja la plastiki nyeupe, sakafu, kuta, sinki na vyote vilivyomo vimemwagwa pamoja bila kiungo. Shangazi aliligonga kwa vidole, ko ko ko, akacheka mpaka akakaa kitandani. "Hili simtanki! Wamelitoboa mlango tu."

Taulo hazikuwapo, tukajifutia khanga, na usiku tukazianika kwenye ngazi ya kitanda changu. Kopo la chooni halikuwapo wala bomba la pembeni. Msafiri wa kwetu anajua la kufanya na chupa tupu ya maji, na ninamshauri asiitupe kwenye treni. Taa ya korido huwashwa kwa kubonyeza kitufe na kuzimika yenyewe baada ya muda, na muda huo umepimiwa mtu anayeujua mlango wake. Sisi tuliutafuta wa kwetu kwa kupapasa namba.

Nilitoka nje kupunga hewa kwenye maegesho ya malori, na pale, juu ya paa la ghala la makochi, nikaiona minara miwili ya kanisa kuu. Haifanani. Mmoja ni mtupu na mzito, wa karne ya 12, mita kama 105. Wa pili ni mrefu zaidi na umechongwachongwa kama lasi, kwa sababu kilele chake cha mwanzo kilipigwa radi mwaka 1506 na fundi Jehan de Beauce akapewa kazi ya kujenga kingine kwa mtindo wa wakati wake. Chartres imekaa juu ya kilima katikati ya tambarare ya Beauce, nchi ya ngano, na karne nyingi mahujaji waliokuja kwa miguu waliiona minara kabla ya kuuona mji. Mwenye chumba cha euro 118 yuko karibu nayo mno. Akifungua dirisha huenda anaona ukuta na njiwa.

Alhamisi hiyo mchana tuliingia kanisani. Nilikuwa nimemwahidi shangazi njia ya mzunguko iliyotandazwa kwa mawe sakafuni, yenye upana wa karibu mita 13, ambayo mtu akiifuata kutoka ukingoni hadi katikati anatembea zaidi ya mita 260 bila kuvuka ukuta wala kupotea, kwa kuwa njia ni moja tu. Tukakuta imefunikwa na viti vya waumini. Mhudumu akatueleza kwamba viti huondolewa Ijumaa, na si Ijumaa zote za mwaka. Waliokuja na treni ya asubuhi walipiga picha za viti wakaondoka. Sisi kesho yake tulikuwapo.

Lakini kilichomkamata shangazi siku hiyo kilikuwa kitambaa. Yeye ni fundi cherehani tangu usichana wake, kwa hiyo popote alipo macho yake huenda kwenye mishono. Katika kikanisa kimoja cha pembeni, ndani ya kioo, kumehifadhiwa kitambaa cha hariri ambacho Wakristo wa Chartres wamekiheshimu tangu karne ya 9 kuwa ni vazi la Bibi Mariamu, zawadi ya mfalme Charles, aliyeitwa Kipara. Kanisa lilipoungua mwaka 1194 watu walidhani kimeteketea. Kilipotolewa salama kutoka chini, michango ya kujenga upya ikamiminika, na ndiyo maana sehemu kubwa ya jengo tunaloliona ilisimama katika muda wa miaka kama 30 tu. Nikamwambia shangazi, kwa jinsi nilivyosoma, kwamba wanaliita shati.

Akasogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. "Shati gani? Hakuna kwapa, hakuna mkono, hakuna shingo. Huu ushungi."

Nikaona haya kidogo, nikafungua simu kutafuta. Kumbe karne nyingi sanduku lake lilikaa limefungwa na kila mtu aliamini ndani mna shati, hadi lilipofunguliwa mwaka 1712 wakakuta kipande kirefu cha hariri kisichoshonwa. Shangazi aliposikia hakushangaa hata chembe. Alisema tu kwamba wangemwita fundi mapema.

Tuliporudi jioni, jua la magharibi lilikuwa linapita kwenye madirisha matatu marefu ya mbele, yaliyosalimika na moto ule, na sakafu ilikuwa imemwagikiwa rangi. Bluu ya vioo hivyo nimejaribu kuwaeleza watu wa nyumbani nikashindwa. Si ya bahari. Pengine ni ya chupa ya zamani ya dawa ukiiinua juani. Asubuhi ya pili upande huo ulikuwa umelala, na wa mashariki ndio uliokuwa unawaka. Mgeni anayekaa mjini saa tatu tu hawezi kuyaona yote mawili.

Halafu usiku. Sisi watu wa karibu na ikweta tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima. Kule Juni saa tatu usiku watoto wanacheza mpira kwenye mwanga mweupe. Shangazi aliketi kwenye benchi kusubiri magharibi, akitazama saa, akitazama jua, akitazama saa. "Limekwama," akasema. Lilizama kwenye saa nne. Msafiri ana ruhusa ya kuchanganya sala, akaitumia. Giza lilipoingia sawasawa, mji ukawashwa: kwa miezi mingi ya mwaka, kila usiku, wanamulika kuta za kanisa, madaraja ya mto Eure na mabanda ya zamani ya kufulia nguo kwa picha za rangi, bila kiingilio. Wafalme na malkia wa mawe kwenye lango la magharibi, ambao mchana ni rangi ya vumbi, walivishwa nguo nyekundu na kijani mbele ya macho yetu. Uwanjani tulikuwa wenyeji, wazee na vigari vya watoto, na wageni wachache waliolala mjini. Wengine walikuwa wameshawahi treni ya Paris.

Sasa gharama. Mabasi yalikuwa yamekwisha. Kutembea usiku kando ya barabara ya mchepuko na mama wa miaka 67 sikuthubutu, tukachukua teksi: euro 24. Dereva akageuza, akaenda zake, tukabaki wawili mbele ya mlango wa kioo. Nikabonyeza tarakimu sita. Taa nyekundu. Nikarudia. Nyekundu. Mara ya nne mikono ilishaanza kutetemeka, na shangazi amejifunika khanga mbili kwa baridi ya Juni, ambayo kule ni baridi kweli. Kwenye lori lenye namba za Romania alikuwa amekaa dereva akivuta sigara. Akaja, akachukua kikaratasi cha njano, akakisogeza kwenye mwanga, akacheka. Akachora hewani kwa kidole mstari mmoja wenye mkia mrefu unaopanda kwanza. Kumbe Mfaransa akiandika 1 huanza na mkwaju mrefu kutoka chini, na 7 yake hukatwa mstari tumboni. Mimi nilikuwa naisoma 1 yake kuwa 7. Kijani. Mlango ukafunguka. Namba za hoteli ombeni zichapwe, au msomewe kwa sauti.

Ijumaa tulitembea njia ya mawe. Sina mengi, mtu anazunguka na mawazo yake, na soksi zinateleza. Jambo la maana zaidi siku hiyo lilikuwa nyumba moja mbali na kanisa, karibu na makaburi ya Saint-Chéron, kwenye mtaa uitwao Rue du Repos, yaani Mtaa wa Mapumziko. (Shangazi alisema anataka mapumziko yenyewe, si mtaa wake.) Hapo aliishi Raymond Isidore, aliyezaliwa 1900 na kufariki 1964, mfagiaji wa makaburi. Alijijengea kanyumba, kisha kwa miaka mingi akaokota vipande vya sahani na vikombe mashambani na majalalani, akavibandika ukutani, sakafuni, uani, kwenye kitanda, kwenye jiko. Majirani wakambandika naye jina: Picassiette, wakichezea neno la Kifaransa la mtu mdoezi wa sahani za wenzake.

Hata cherehani ya mkewe imefunikwa vigae. Shangazi alisimama hapo muda mrefu. "Sasa mwenzake alishona wapi?"

Kisha akanishika mkono akanionyesha ukuta, pale sahani ya maua ya bluu ilipopachikwa katikati ya saruji. "Tongoni," akasema. Sisi ni watu wa Tanga, na Tongoni kwa watoto wa shule ni safari ya kilomita chache: magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, yenye vishimo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Kunduchi, kule Dar es Salaam, baadhi ya mabakuli bado yapo. Mfagiaji wa Chartres hakuyajua hayo, nasi tulikuwa hatumjui yeye.

Sasa hesabu. Chumba siku mbili, 108 badala ya 236, akiba 128. Teksi 24, mabasi kama 10. Imebaki akiba ya tisini na kitu, ambayo ilikwenda moja kwa moja kwenye zawadi ya bibi harusi. Ilichotunyima hoteli ile ni mchana. Mtu mzima akichoka saa nane anataka kujinyoosha nusu saa, na chumba kiko mabasi mawili mbali. Shangazi alilala kwenye benchi kando ya mto Eure, kichwa kwenye begi, nami nikimlinda kama mlinzi wa benki. Kama ningesafiri tena na mtu wa umri wake, usiku mmoja ningelala nje na mmoja ndani ya mji. Kwa kijana, au kwangu mimi nikiwa peke yangu, nisingebadilisha kitu isipokuwa kikaratasi.

Jumapili harusini wakamzunguka kumuuliza habari za Chartres. Nilitegemea azungumzie ushungi, au sahani. Akaomba kiti, akajiweka sawa, akawaeleza simtanki kwa nusu saa nzima, akionyesha kwa mikono pale mlango ulipotobolewa.