Polisi wa Huku Hakuulizi Umezaliwa Wapi

Wadogo zangu, mmeniuliza kama ni kweli ubaguzi Marekani uliisha na Obama, na kwamba anayegombana na Wazungu ni Mmarekani mweusi tu kwa uvivu na ukorofi wake, ila Mwafrika mchapakazi haguswi. Maneno hayo yanaenezwa na ndugu zetu wenyewe wanaobeba boksi huku. Yananikera, kwa sababu yanaweza kumuua mtu.

Amadou Diallo alikuwa kijana wa Guinea, umri miaka 23, mchuuzi wa barabarani New York. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiishi Bronx, polisi wanne waliovaa kiraia walimfyatulia risasi 41, zikampata 19. Hakuwa na silaha, alikuwa na pochi. Mwaka 2000 mahakama iliwaachia huru wote wanne. Nani kati yao aliuliza kama ni mhamiaji mwenye bidii?

Kwa hiyo jifunzeni kusimamishwa barabarani. Nyumbani trafiki akipunga mkono, dereva anashuka na kumfuata afande kwa heshima zote. Huku usishuke. Taa zikiwaka nyuma yako, washa indiketa, egesha kulia, zima injini, teremsha kioo. Kama ni usiku, washa na taa ya ndani. Mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vionekane. Abiria nao wasipekuepekue mifuko. Utaombwa leseni, kadi ya gari na bima, na kinachowaponza watu ni kuviwahi: dereva anainamia droo ya dashibodi ili arahisishe kazi, afande anaona mkono umepotea. Ngoja uombwe, sema karatasi ziko wapi, sema unazichukua, ndipo mkono usogee polepole. Akiomba kupekua gari unaweza kukataa kwa upole, ila usimzuie kwa mwili. Faini uliyoonewa, isaini. Katika majimbo mengi sahihi si kukiri kosa, na ubishi wake ni wa mahakamani, si wa kando ya barabara. Usithubutu kutoa hela ya chai. Hiyo ni jinai.

Haya Mmarekani mweusi anamfundisha mwanawe mapema. Jirani yake Mzungu mara nyingi hajawahi kuyahitaji, ndiyo maana anakwambia kwa nia njema kabisa kwamba polisi ni watu wema. Hadanganyi, kwani polisi anayemjua yeye ni mwema. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya ugomvi wao.

Nusu nyingine ni nyumba. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, na mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu: usikopeshe hapa. Mikopo yenye dhamana ya serikali ikaenda kwa Wazungu wa vitongoji vipya. Sheria ya kukataza ubaguzi huo wa nyumba ilisainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, lakini nyumba ndiyo akiba ambayo familia nyingi huwaachia watoto. Takwimu za Benki Kuu ya Marekani za 2022 zinaonyesha familia ya kati ya Wazungu ikiwa na mali ya dola 285,000 hivi, ya weusi 44,900. Msiniambie ni uvivu.

Na mlango tulioingilia Marekani waliufungua hao hao Wamarekani weusi. Ndege ya mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, iliyoleta wanafunzi 81 kusoma huku mwaka 1959, ilichangiwa kwa wito wa weusi mashuhuri: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyoondoa migao iliyopendelea Ulaya, ilipita katika wimbi lile lile la haki za raia.

Kwa hiyo Mzungu kazini akikusifu kwamba wewe "si kama wale", usicheke. Mwambie wale ni watu wako. Lakini msije mkamwogopa kila Mzungu. Wengine watawashika mkono kuliko ndugu. Na msitegemee kila Mmarekani mweusi awapokee kwa shangwe, wapo watakaowatukana kwa Uafrika wenu. Wasalimieni hata hivyo. Akikuinamishia kichwa njiani, mrudishie. Lile tusi la kuwaita weusi, linalosikika kwenye nyimbo za rap, msilitamke kamwe. Wala msiwaambie "sisi hatukuuzwa": soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 tu.

Sishauri mtu aje, wala sishauri abaki. Anayekuja na watoto anitumie anwani kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, maana shule ya serikali kwa kawaida hufuata anwani, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi za majengo ya hapo. Pango la mwezi likiwa nafuu kupita kiasi, tuiangalie kwanza hiyo shule.